Ulimi Niliopawa

Jirani yangu hapa Sake amepata ng'ombe. Ni mmoja tu, mweupe mwenye mabaka meusi, na hana malisho ya kumpeleka, kwa hiyo kila asubuhi jirani huchukua panga na kumkatia mgomba nyuma ya nyumba. Nasikia panga likizama kwenye shina lile laini, kisha harufu inapita juu ya ua: harufu ya maji mabichi, karibu na ile ya tango lililopasuliwa, na nyuma yake uchungu mwembamba wa utomvu. Wengi hawaisikii. Mimi hunifanya niweke chini kikombe changu cha chai.

Nilikuwa nimekiweka chini hivyo simu ilipolia, na mtu wa Kingi, kule nilikokulia, akaniambia kwamba Mama Sifa amefariki. Aliniambia kwa ufupi, kama unavyomwambia mtu habari isiyomhusu sana. Hakujua kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikimwogopa mama huyo, ingawa katika maisha yake yote hakunitolea neno baya hata moja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto ninaowafundisha huniletea bultè zao, zile karatasi za alama, na kuniuliza maana ya maneno yaliyoandikwa humo, na neno ambalo hunichukua muda mrefu kulijibu ni kipawa. Nalijua vizuri. Nalijua kuliko ninavyotaka. Acha nilieleze polepole, kama nilivyofika kulijua mwenyewe.

Papa alikuwa na ng'ombe kumi na watatu kwenye kilima juu ya Kingi, na chumba cha mbao chenye paa la mabati tulichokiita fromajeri, kwa kuwa humo ndimo alimotengenezea fromaji, jibini la kwetu. Mliokulia upande ule mnakumbuka: sufuria kubwa ya aluminiamu juu ya kuni, vitambaa vyeupe vilivyoanikwa kwenye kamba, na zile mbao ukutani zilizopangwa magurudumu ya rangi ya siagi, ambayo ilibidi yageuzwe kila siku kama wagonjwa. Harufu yake iliingia kwenye nguo zetu na haikutoka hata kwa sabuni. Shuleni walitujua kabla hatujafika mlangoni.

Maziwa yetu peke yake hayakutosha sufuria ile. Papa alinunua pia ya majirani wenye ng'ombe, na ya watu wachache wa chini, watu wa shamba, waliolima maharage na mihogo na wakawa na ng'ombe mmoja nyumbani. Asubuhi walipanga mstari mbele ya fromajeri na bidoni zao, yale madumu ya maziwa. Wanaume walizileta begani, akina mama mgongoni, mshipi ukiwa umepita kwenye paji la uso.

Fromaji haivumilii maji. Maziwa yakichanganywa na maji huganda vibaya, na gurudumu linalainika na kupasuka kabla halijakomaa. Kwa hiyo Papa alikuwa na kipimo, kijiti cha kioo kilichoelea ndani ya maziwa; kikizama zaidi ya alama yake, maziwa yalikuwa na maji. Siku moja kiliponyoka mikononi mwake mwenyewe, kikavunjika juu ya jiwe la mlangoni. Kingine kilipaswa kutoka Goma, na barabara siku zile mnaijua. Wiki ile ile magurudumu saba yalilegea. Mchuuzi wa Sake aliyachukua, akayarudisha. Nilimwona Papa akiyabonyeza moja moja kwa kidole gumba.

Nyanya yangu, mama yake Papa, ambaye sote tulimwita Koko, ndiye aliyesema jambo lile kutoka kwenye kigoda chake. Alisema mupe mutoto aonje. Papa alicheka. Mimi nilikuwa bado sina meno mawili ya mbele. Lakini nyumbani ilijulikana kwamba ukinipa maziwa gizani ningekutajia ng'ombe aliyeyatoa, na hilo lilikuwa limegeuka mchezo wa kuchekesha wageni. Basi nikachovya kidole kwenye bidoni ya kwanza, nikalamba. Nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu nzuri. Ya nne nikasema iko na maji.

Ilikuwa ya Papa Daudi, binamu ya Papa, mtu wa ng'ombe kama sisi. Alicheka hadi akashika uzio. Alisema ni kikombe kimoja tu, alisuuza bidoni akasahau kumwaga. Watu wote wakacheka, Papa pia, na maziwa yale wakapewa ndama. Kesho yake Papa Daudi alirudi na maziwa safi, akanisalimia kwa kuvua kofia kama anavyosalimiwa mkubwa wa serikali. Tangu siku hiyo kigoda changu kiliwekwa mlangoni. Watu walisema huyu mutoto iko na don, kwa Kifaransa, kama tunavyosema hadi leo.

Habari ilifika shuleni. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema aliyependa Kiswahili kizuri, na alinisimamisha mbele ya wenzangu. Alisema tusiseme don, maana tuna neno letu. Akaandika ubaoni, moja chini ya lingine: kupa, kupawa, kipawa. Akaeleza kwamba kupawa ni kupewa kwa namna ya zamani, na kipawa ni kile ulichopawa. Nakumbuka vumbi la chaki likimwangukia kwenye mkono wa koti.

"Hukukinunua," akasema. "Hukujifunza. Ulizaliwa ukakikuta."

Darasa zima likarudia. Hukununua. Hukujifunza. Ulikikuta.

Jumapili iliyofuata, kanisani, zikasomwa habari za wale watumishi waliopewa talanta, na yule mmoja aliyefukia yake na mwisho akanyang'anywa. Leo nawaeleza wanafunzi kwamba talanta ilikuwa kwanza uzito wa kwenye mizani, uzito wa fedha, na kwamba ni hadithi ile ile iliyoligeuza neno hadi likawa na maana ya uwezo wa mtu. Wakati ule hakuna aliyenieleza. Niliyaunga maneno mawili kama mtoto anavyounga: kipawa ni kitu ulichopewa, na kitu ulichopewa kinaweza kuchukuliwa. Niliamini kilikuwa kitu kweli, kidogo kama punje ya haragwe, kimelala chini ya ulimi wangu. Nilikitafuta kwa kidole. Niliacha pilipili kabisa nisije nikakichoma, na nilipocheka nilifunika mdomo kwa kiganja. Mama alidhani naona haya kwa ajili ya meno.

Na niliamini jambo la pili, lililokuwa baya zaidi. Kwa kuwa aliyenipa ni Mungu, kipawa hakiwezi kukosea.

Sifa alikaa nami dawati moja. Alikuwa mchapakazi, mwembamba, na alichonga penseli kwa meno. Mama yake alileta maziwa ya ng'ombe wao mmoja, na mara nyingi alikuwa wa kwanza kwenye mstari, ingawa nyumba yao ilikuwa mbali kuliko zote, chini kule penye migomba. Aliondoka kabla ukungu haujapanda. Alikuwa mrefu, wa maneno machache, na mshipi wa bidoni ulikuwa umemchorea alama nyororo kwenye paji la uso, alama ambayo haikutoka hata alipokuwa hajabeba kitu.

Ilikuwa kiangazi, nyasi za kilimani zimekuwa fupi na ngumu. Nilichovya kidole kwenye bidoni yake, nikalamba. Maziwa yale yalikuja na utamu mwepesi, yakakaa kidogo, yakaondoka ulimini upesi kama mtu aliyepita tu kusalimia. Ng'ombe wetu hakuna aliyekuwa na ladha ile.

"Iko na maji," nikasema.

Papa aliniangalia. Akaniambia nionje tena, nikaonja tena, nikarudia.

"Papa, miye niko na ng'ombe moja tu," Mama Sifa akasema. "Maji nitaitia sababu ya nini?"

Mtu mmoja kwenye mstari akauliza, si kwa sauti kubwa, watu wa shamba na maziwa wamejuana lini. Wengine wakatabasamu. Papa Daudi, ambaye alikuwa na moyo mzuri na alitaka kumsaidia, akamwambia aseme tu kwamba alisuuza bidoni. Yeye alisema na hakufa. Lakini Mama Sifa hakucheka. Alisema hakusuuza kitu, bidoni yake huoshwa jioni na kukaushwa juu chini. Nadhani hilo ndilo lililomponza. Papa Daudi alitia maji kweli na akacheka, yakaisha. Yeye hakutia, akakataa kucheka, na uso wake ule mzito ukaonekana kuwa ni wa mtu mwenye hatia.

Papa hakuwa mkali. Alifunga kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia arudi kipimo kitakapofika. Lakini kulikuwa na kitu ambacho kila mtu wa kilima kile alikijua. Asubuhi, watu wanapotoka fromajeri, bidoni tupu hupiga kelele migongoni, vifuniko vikigonga, na unawasikia kabla hujawaona. Bidoni iliyojaa iko kimya. Mtu akishuka njia saa hizo na bidoni iliyo kimya, hakuna haja ya kumuuliza. Alirudishwa, na sababu ya kurudishwa ni moja tu.

Mama Sifa alishuka kimya. Kesho yake akarudi, nikaonja, ladha ilikuwa ile ile, nikasema vile vile. Siku ya tatu pia. Mara tatu alipita mbele ya nyumba za watu, mbele ya kanisa, mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua maharage barazani, na bidoni isiyotoa sauti. Siku ya nne hakuja.

Shuleni walianza kumwita Sifa kwa jina la Maji. Maji, leta daftari. Maji, umefika mbele ya mvua. Yeye alihamia dawati la nyuma, na penseli zake akaacha kuzichonga kwa meno. Sikumwita Maji hata siku moja. Kwa muda mrefu nilijipongeza kwa hilo.

Kisha ikaja mvua ya kwanza, ile inayoshuka kwa ghafla na kuibadilisha njia kuwa mto. Ilinikuta nikitoka shule, chini karibu na Kingi, na mlango wa karibu kuliko yote ulikuwa wa kina Sifa. Ningependa kusema kwamba nilisita. Nilikimbia tu.

Mama Sifa alinivua koti lililolowa, akanikausha kichwa kwa kitenge chake mwenyewe. Aliniketisha karibu na moto, akanipa hindi la kuchoma. Sifa alikuwa upande wa pili wa moto akiandika, daftari magotini, na hakuinua kichwa. Mvua ilipopungua, Mama Sifa alichukua kikombe cha bati, akaniambia twende. Nilimfuata nyuma ya nyumba. Ng'ombe wao alikuwa amesimama chini ya paa la majani, na mbele yake kulikuwa na rundo la mgomba uliokatwa vipande, mweupe, unaong'aa kwa maji. Alikuwa akiula kwa utulivu, na kila alipotafuna mtu alisikia maji. Harufu ile ndiyo hii inayopita sasa juu ya ua wangu.

Huko juu kwetu ng'ombe walikula nyasi. Migomba haikuota kwenye baridi ile. Mtu wa shamba asiye na malisho, kiangazi kikimkuta, anamkatia ng'ombe wake kilichopo, na kilichopo ni mgomba, na mgomba karibu wote ni maji. Hayo nayaeleza leo kirahisi. Siku ile niliona tu rundo jeupe, nisijue ninaona nini.

Mama Sifa alichuchumaa, akakamua moja kwa moja ndani ya kikombe mbele ya macho yangu. Hakukuwa na bidoni, hakukuwa na kisima. Mvua ilikuwa imekoma. Akaninyooshea kikombe chenye povu, kikiwa na joto la mnyama.

Nikanywa. Utamu mwepesi, ukakaa kidogo, ukaondoka upesi.

Nilijua papo hapo. Watu hudhani mtoto haelewi mambo haya, lakini nilielewa yote kwa funda moja la maziwa, kwa kipawa changu chenyewe. Niliinua macho, na Mama Sifa alikuwa bado amechuchumaa, uso wake usawa mmoja na wangu, alama ya mshipi ikiwa wazi kwenye paji.

"Unaionaje?" akauliza.

"Ni nzuri, Mama."

Alingoja kidogo. Mimi nikafuta povu mdomoni, nikamrudishia kikombe, nikasema aksanti. Akasema haya, mwanangu, kimbia kabla ya giza.

Njiani kurudi nilipanga jinsi ya kumwambia Papa. Nilipanga hadi nikafika karibu na uzio wetu, na hapo nikaingiza kidole chini ya ulimi kuhakikisha kama kile kitu bado kipo. Nikafikiri: nikisema nimekosea, kitachukuliwa. Nitakuwa mtoto asiye na meno mawili, basi. Kigoda kitaondolewa mlangoni. Papa alinipokea akiuliza kwa nini nimelowa, nikamwambia nilijikinga chini ya mti.

Kipimo kipya kilipofika, nilitamani kimwite Mama Sifa chenyewe. Lakini kipimo hakiiti mtu. Hakuja, na Papa hakumtuma mtu, na mtu pekee ambaye angeweza kusema atumwe alikuwa mimi. Shule zilipofungua tena, Sifa hakurudi. Sikuuliza kama ni kwa ajili ya maziwa. Mpaka leo sijauliza, kwa sababu nadhani nalijua jibu.

Na kipawa kikaniacha. Nilianza kusema nzuri kwa kila bidoni, hata ile ambayo ningeapa ina maji, kwa maana kila ladha nyepesi ilinitia hofu. Papa alicheka, akasema ni mambo ya utoto, yamepita pamoja na meno. Mimi niliona nimenyang'anywa licha ya kunyamaza.

Sitaeleza jinsi tulivyoondoka kilimani. Wengi wenu mliondoka mahali penu kwa namna hiyo hiyo. Ng'ombe hawakubaki, fromajeri haikubaki. Tulikaa Goma, kisha nikaolewa hapa Sake, na Koko akaja kukaa kwangu akiwa ameanza kupotelewa na majina ya watu. Majina ya ng'ombe hakuyapoteza. Siku moja nilimkuta amempakata mtoto wangu wa kwanza, kikombe cha maziwa kando yake. Alichovya kidole, akakiweka kwenye mdomo wa mtoto, akamuuliza kwa sauti ya kubembeleza, huyu ni nani? Mtoto akanyonya kidole. Koko akajibu mwenyewe, akataja ng'ombe ambaye alikuwa amekufa kabla mtoto hajazaliwa. Akachovya tena.

Nilimuuliza anafanya nini. Alinishangaa. Aliniambia ndivyo alivyonifanyia mimi kila alfajiri, tangu nikiwa wa mgongoni mpaka nilipoanza shule, kibuyu baada ya kibuyu, ng'ombe baada ya ng'ombe, na nikikosea alinirudisha kwenye kibuyu cha kwanza. Alidhani nakumbuka.

Sikukumbuka hata kidogo. Niliketi pale chini karibu na miguu yake, nikaliona neno lile ubaoni tena, na vumbi la chaki. Mwalimu wetu hakukosea kuhusu asili yake: kipawa ni kile ulichopawa. Alikosea pale tu aliposema hukujifunza. Nililifikiria hata neno jingine tunalotumia kwa jambo lile lile, kipaji, ambalo kwa masikio yangu linasimama karibu na mpaji, yule anayetoa. Moja linamtazama aliyepokea, jingine linamtazama aliyetoa, na katikati yao kuna mkono. Mungu hutoa, siwezi kukana. Lakini kwangu mimi alitoa kwa kidole cha ajuza kilichochovya vibuyu kumi na vitatu, vya ng'ombe waliokula nyasi za kilima kimoja. Hicho ndicho kilichokuwa chini ya ulimi wangu. Mgomba haukuwamo. Laiti ningejua kwamba nilifundishwa, ningejua pia kwamba kuna ambayo sijafundishwa, na kusema nimekosea kusingenitisha kiasi kile.

Hata baada ya kuyajua hayo yote, sikwenda Kingi. Hilo ndilo ninaloona gumu kuliandika. Mtoto alinyamaza kwa sababu ya punje ya haragwe. Mtu mzima alinyamaza kwa sababu barabara si nzuri, watoto wana mitihani, labda kiangazi kijacho.

Juma lililopita nilipanda piki-piki, nikaenda matanga.

Sifa alikuwa ametoka Walikale, ambako aliolewa na ambako anapika chakula cha kuuza kwenye njia ya kwenda machimbo ya Bisie. Alisafiri siku mbili na hakumkuta mama yake juu ya ardhi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, uso umekuwa ule wa mama yake. Nikaketi kando yake, nikamwambia mimi ni Esta, mtoto wa fromajeri.

"Najua," akasema. "Ulimi."

Kumbe nami nilikuwa na jina nyumbani kwao.

Nikamwambia. Nilimweleza mgomba, nikamweleza ile siku ya mvua, kikombe cha bati, na kwamba nilijua nikanyamaza. Alinisikiliza huku akikunjua na kukunja pindo la kitenge chake.

"Mama alijuaka," akasema.

"Alijua nini?"

"Aliona uso yako. Ulipoenda akaniambia, Sifa, ule mutoto amejua. Atamwambia baba yake, kesho watatuita." Akalikunja pindo tena. "Asubuhi akakamua, akajaza bidoni, akakaa nayo kwa mulango. Kesho yake vile vile. Alikungojea mpaka tukavuna maharage."

Neno la kwamba nilikuwa mtoto lilinijia mdomoni, nikalimeza. Naye alikuwa mtoto, dawati moja nami.

"Usiniambie miye," Sifa akasema. "Miye nilikunywaka yale maziwa. Waambie hawa." Akaonyesha kwa kidevu mabenchi yaliyojaa watu uani.

Baada ya wimbo, aliyeongoza matanga aliuliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu. Nikasimama. Nimezoea kusimama mbele ya watoto hamsini. Nikaanza kama ninavyoanza darasani, kwa kueleza shina la mgomba lilivyo, na ng'ombe akila shina hilo, maziwa yake yanakuwaje, na kwamba ni mepesi lakini ni maziwa. Mzee mmoja nyuma akamwuliza jirani yake, njo ile habari ya maji, ndiyo yenyewe? Ndipo nikajua hawakuwa wamesahau. Miaka yote ile jina lilikuwa limekaa pale kijijini, likimngoja kila alipopita.

"Niliwadanganya mimi," nikasema. "Maziwa ya Mama Sifa hayakuwa na maji. Hata siku moja."

Papa Daudi alikuwepo, ameshuka na fimbo yake, mzee kabisa. Alivua kofia, akaiweka magotini, na safari hii haikuwa mzaha.

Nilipoaga, Sifa alinyanyuka kwenye mkeka, akaenda nyuma ya nyumba kumkamua ng'ombe aliyeachwa na mama yake, akakaa huko muda. Alirudi na bidoni ya njano iliyojaa, ile au iliyofanana na ile, na mshipi. Nikaitazama. Nikamwambia piki-piki inaningoja barabarani, mwendeshaji ataifunga nyuma.

"Kamata," akasema. "Beba kwa mugongo. Pitia mbele ya watu."

Akanisaidia kuipandisha, akanirekebishia mshipi kwenye paji la uso. Sikuwa nimebeba hivyo kwa miaka mingi na shingo ilinikaza mara moja. Nikaishika njia ile, mbele ya kanisa, mbele ya baraza ambako wanawake walikuwa wakichambua maharage. Bidoni haikupiga kelele hata kidogo. Mama mmoja aliinua kichwa, akaitazama, akaniuliza maziwa hayo yametoka wapi nami nayapeleka wapi.

"Yametoka kwa Mama Sifa," nikamjibu. "Nayapeleka kwangu."